Kuoshwa kwa Nyamuhozi

Batuli alikuwa barazani kwake, Rumonge, akichambua maharage kwenye ungo, binti yake Jamila alipofika kutoka ziwani na kumwambia kwamba mto Nyamuhozi umefariki. Batuli aliokota jiwe la mwisho, akalitupa uani, akauliza umefariki tangu saa ngapi. Jamila alisema tangu alfajiri. Wavuvi waliukuta umelala, hauendi mbele wala nyuma, rangi ya chai ya maziwa, na kambale waliokuja kupanda kwenda kutaga wamejipanga mdomoni mwake wakisubiri. Batuli akafunika maharage. Akachukua kata, karafuu maiti na fungu la majani ya mkunazi. Kuosha maiti wa kike ndiyo kazi yake tangu ujana, na mwosha haitwi mara mbili.

Mtoni watu walikuwa wamejaa kama kwenye msiba wowote. Walikuwepo pia watu wa mgodi wa dhahabu wa kule mlimani, wamekuja na tingatinga. Msimamizi wao wa kazi, kapita Theonest, mtu mpole mwenye kofia ngumu ya njano, alimpa pole kila mmoja, kisha akaeleza kwamba mgodi umejitolea kugharamia mazishi. Wangemfukia marehemu siku hiyo hiyo, na pale alipokuwa akilala, maadamu halali tena, wangechimba dhahabu. Hata sanda alikuja nayo, turubai la bluu. Maiti haulizwi sanda.

"Maiti hacheleweshwi, Shehe," Theonest alimwambia Shehe Nasiri, aliyekuja kusimamia mazishi. "Hata dini yenu iko inasema vile."

"Iko inasema," Shehe alikubali. "Lakini hazikwi bila kuoshwa. Sasa, huyu iko mwanaume ao mwanamuke? Nijue ni nani anamuosha."

Wanaume wakaanza kubishana. Mmoja alisema ni dume, kwa sababu mwaka wa mafuriko liliondoka na daraja. Batuli alikuwa ameshapandisha kitenge na kuingia majini hadi magotini.

"Alizaa samaki," alisema. "Ni mwanamuke. Wanaume mutoke."

Wanaume walipanda barabarani, wakageuza migongo. Wanawake wakafunga vitenge kutoka mchikichi hadi mchikichi, kingo zote mbili, na vya wanawake wa mwaloni, pale mitumbwi inapotua, vilipoisha, vya wale wa sokoni vikaletwa, mpaka pazia likapanda mlima na kupotelea juu. Kuanzia hapo hakuna aliyesema mto. Walisema marehemu.

Batuli alianza upande wa kulia, ule wa Minago, akamalizia wa kushoto, ule wa Nyanza-Lac. Kwenye makwapa, pale vijito viwili vinapoingia, alikuta matone ya zebaki yametulia, akayatoa kwa kidole. Alipofika kwenye kona zake, akataka kumlegeza viungo kama inavyotakiwa, akakuta vimelegea vyenyewe. Maiti wa tangu alfajiri huwa amekakamaa. Batuli aliendelea kummwagia maji.

Maji yakaanza kung'aa. Mchanga ukaonekana, na kambale wa kwanza akapita katikati ya miguu ya Jamila bila kuaga. Kisha wekundu wa matope ukashuka tena kutoka juu. Uchafu ukimtoka maiti baada ya kuoshwa, huoshwa tena, na wanawake walimwosha tena, mara tatu, mara tano, mara saba, mpaka vidole vikawakunjamana. Kila alipotakata, wekundu ulishuka.

Nyuma ya pazia Shehe alikohoa.

"Mama Batuli, saba zinatosha. Sasa ni pamba, kisha sanda."

Tingatinga lilikuwa limeshawashwa. Batuli alijua kwamba akitamka tu kuwa marehemu yuko tayari, halitachukua hata muda wa sala kumfukia. Hasira ilimpanda. Katika maji haya alifua nepi za watoto wake wote, na kambale waliowalea walitoka humu.

"Pamba inatiwa wapi, Shehe?" aliuliza.

"Pale uchafu unatokea."

"Murakoze," Batuli alishukuru.

Wanawake wakaenda majumbani kuleta magodoro. Wakayapasua, wakatoa pamba, wakaifunga mizigo. Hata mama yake Theonest, aliyekuwa miongoni mwao, alileta godoro la harusi yake. Wakapanda mlima ndani ya pazia, hadi mgodini. Wachimbaji, walipoambiwa kwamba ndani anaoshwa mwanamke, waliweka majembe chini na kutazama kando, maana wote wana mama. Mfereji wa mgodi, ule unaomwaga maji ya kuoshea dhahabu, wanawake waliuziba kwa pamba, wakaishindilia kwa miguu, wakaweka mawe juu.

Walipomwosha tena, alibaki msafi. Baadaye kifua chake kikapanda, kikashuka, na maji yakaanza kwenda ziwani. Kambale wakaingia kwa foleni yao.

"Anapumua," Batuli alitangaza kutoka nyuma ya vitenge. "Huyu hazikwi."

Theonest alipokea habari kwa utulivu. Aliwapongeza wote, akakunja turubai, akalitia chini ya kiti cha tingatinga. Mgodi, alisema, hauwezi kufungwa kwa sababu ya mgonjwa. Asubuhi yake wachimbaji walichimba mfereji mwingine, juu zaidi, mahali pazia lisipofika. Kutoka Bujumbura akaja mkaguzi mwenye gari, mtu mwenye adabu zake. Alisimama ukingoni saa nzima ameligeuzia pazia mgongo, kisha akaandika kwamba hakuona kitu.

Kwa hiyo Nyamuhozi huoshwa kila siku. Wanawake huingia baada ya sala ya alfajiri, na mpaka saa mbili, wachimbaji wanapoanza kazi, maji ni meupe. Kambale wamezoea saa hizo, hupanda, hutaga kwenye matete na kurudi haraka. Rumonge watu wanalala mikekani, kwa kuwa pamba yote imeishia mlimani, na wachimbaji hawajakosa mahali pa kufungua mfereji mpya. Katika mayai kumi, Jamila anasema, labda moja linaanguliwa.

Juzi Theonest alikuja tena, akasimama kwa heshima, mgongo kwenye pazia.

"Amahoro, Mama," alisalimu. "Mutamaliza lini? Iko tunangoja tuzike."

"Mutangoja," Batuli alisema.

Saa mbili ilikuwa imefika. Wekundu ulikata kona ya mwisho, ukamfikia Batuli magotini. Alikaza kitenge kiunoni, akawaambia wanawake wasitoke majini, akachota.