Mwenye Soko

Mama Radi, muuza nyanya, hakupewa jina hilo bure. Mtaro wa soko ulipoziba asubuhi ile na maji machafu yakaanza kulamba matenga yake, alijifunga kibwebwe, akaongoza wenzake hadi ofisini na kugonga mlango kama alivyozoea miaka nenda miaka rudi.

"Mwenye soko! Mtaro wako unatuzamisha! Au umetia pamba masikioni?"

Akagonga tena, safari hii kwa kiatu.

Fundi viatu akakohoa nyuma yake. "Dada, mwenye soko si alishaondoka? Ule mfuko wa jamii ulitukopesha, tukalinunua soko sisi wenyewe, faida ibaki humuhumu. Na vigelegele ulipiga wewe."

"Najua!" alifoka, ingawa hasira ilikuwa imemsahaulisha kabisa. "Sasa mwenye soko ni nani?"

Walitazamana, kisha wote wakamtazama yeye.

Mama Radi akashusha pumzi. Akausukuma mlango, ambao kumbe haukuwa umefungwa, akaingia, akatoka na koleo begani.

"Mwenye soko kafika," alisema. "Haya pisheni, nizibue mtaro wangu."