Grafu za Mwaniki

Kila asubuhi, kabla wenzangu hawajafika, mimi hufuta ubao wa chumba cha wanafunzi wa uzamili, nikafungua dirisha, nikachemsha maji ya chai. Siku hiyo nilikuwa bado na dasta mkononi Mwaniki alipoingia amevaa suti.

“Wamesogeza,” alisema. “Nilikuwa nitetee tasnifu wiki ijayo, lakini mtahini wa nje anasafiri. Ni leo, saa nane.”

Mwaniki alinitangulia mwaka mmoja katika hisabati. Msimamizi wake wa kwanza alihamia chuo kingine. Wa pili alikuja mwishoni, akasahihisha zaidi nukta na koma. Na sisi tuna desturi: mtu haendi kutetea kabla mwenzake hajaketi kiti cha mbele kama mtahini mbaya na kumwuliza maswali ya kuudhi.

“Usiniletee maswali ya Sande skuli, Karwirwa,” alisema. “Leo kuwa mchungu kidogo. Mama ametoka Siakago na sufuria ya mukimo na kuku. Ameambia kanisa zima.”

Nikaketi. Alieleza vizuri, kama kawaida yake. Tasnifu ilihusu grafu za aina ambayo hatukuwa tumeisoma popote. Chukua nukta mbili zozote: tofauti ya kimo chao isizidi mraba wa umbali wa mlalo ulio kati yao. Vitabu huishia kwenye umbali wenyewe. Yeye aliweka mraba, na tangu hapo kila hesabu ilimnyookea.

Sikuwa na swali chungu. Nikauliza nililoweza.

“Samahani. Nichoree moja.”

“Moja gani?”

“Grafu moja ya aina yako. Yoyote.”

Alicheka. “Hiyo ni ya Form Two, mwalimu.”

Akachora kilima, akakipima kwa macho, akakifuta. Akachora kingine kilicholala zaidi. Akakifuta pia.

“Chaki hii mbaya,” alisema. “Endelea, uliza lingine.”

Sikuendelea. Kichwani nilikuwa nimeifanya grafu yake barabara, nikachukua kilomita moja na kuigawa vipande kumi. Kila kipande ni sehemu moja ya kumi, hivyo hakiruhusiwi kupanda zaidi ya mraba wake, sehemu moja ya mia, basi vyote kumi havizidi sehemu moja ya kumi. Nikaigawa vipande mia: kupanda kote hakukuzidi sehemu moja ya mia. Vipande elfu, sehemu moja ya elfu. Kadiri nilivyogawa ndivyo kilima kilivyozidi kulala, hadi hakikubaki kilima chochote.

Nilirudia hesabu nikitafuta kosa langu. Nilitamani sana liwe langu.

“Mwaniki, huwezi kuomba waahirishe?”

“Kwa nini?”

“Unaonekana umechoka.”

“Nimelala kama mtoto.”

“Labda msimamizi aangalie tena sura ya kwanza. Pale kwenye mraba. Labda.”

“Labda, labda. Wameru wote ninaowajua ni wakali. Wewe walikuokota wapi?”

Simu yake ikalia. Alijibu kwa Kiembu, taratibu, akimweleza mama yake asiondoke getini, anakuja kumchukua. Uso wake ulikuwa umejaa nuru kiasi kwamba nilitazama sakafu. Akakung’uta vumbi la chaki kwenye mkono wa suti, akaelekea mlangoni.

Nilifika mlangoni kabla yake. Sijui nilivyofika. Nikaushika mwimo.

“Karwirwa, Mama amesimama juani.”

“Grafu zako hazipo,” nilisema, na sauti ikatoka kubwa kuliko nilivyoizoea. “Upo mstari wa aina moja tu, ule uliolala, usiopanda wala kushuka. Kila ulichothibitisha ni kweli, lakini ni kweli juu ya huo tu. Nilipokuambia umechoka, sikumaanisha umechoka. Nilimaanisha usiingie mle ndani leo.”