Mtoto Asiyeibwa

Januari ilikuwa inakata roho, na Mtoto Yesu wa udongo wa Dona Ubaldina bado alikuwa amelala palepale kwenye pango la Krismasi sebuleni, juu ya majani, hajaibwa. Kijiji kizima, huko juu milimani Mérida, kilikuwa kimeshaibiana. Mtoto wa mwenye duka alikutwa ndani ya pipa la ngano. Wa mapacha wa ukoo wa Rangel aliibwa mara mbili, nao wakajidai wamekasirika. Ndivyo ilivyo kule: mwaka mpya ukishaingia, Mtoto ambaye bado amelala, hajasimamishwa wima, ni halali ya jirani. Anaibwa, anafichwa, na mwenye nyumba hukusanya watu kwa fidla na mishumaa, wakamtafuta mlango kwa mlango wakiimba. Akipatikana wanarudi naye kumsimamisha, keki na mvinyo gharama ya mwenye nyumba. Nyumba isiyoibiwa ni nyumba isiyo na wageni. Na tangu mumewe Baltazar afariki, ya Ubaldina ilikuwa inatembelewa na paka tu.

Si kwamba hakujitahidi. Aliacha mlango wazi mpaka ukungu ukaingia kukaa sebuleni. Mbwa alimpeleka kwa dada yake. Sokoni alilalamika kwa sauti, "Jamani, Mtoto wangu yuko peke yake mchana kutwa, na mimi masikio ndiyo hayo, sisikii kitu!" Watu wakamwonea huruma, wakanunua viazi vyao, wakaenda zao. Siku moja Don Leovigildo, mpiga fidla, aliingia hadi pangoni. Ubaldina akajibanza nyuma ya pazia, moyo ukimdunda kwa furaha. Kumbe mzee wa watu alikuwa anatafuta kiberiti.

Sikukuu ya Kutolewa Bwana Hekaluni, siku ya mwisho ya kumsimamisha Mtoto, ilipokaribia, akakata shauri amwibe mwenyewe. Akamfunga Mtoto kwenye shali, akateremka kwa Hermelinda, komadre wake. Ubaldina ndiye aliyemsimamia binti wa Hermelinda ubatizo. Alijua saa hizo mwenzake yuko shambani. Ubaldina alikuwa jikoni mwa mwenzake, mkono umezama katika kikapu cha viazi, aliposikia sauti nyuma yake.

"Komadre, unatafuta nini humo?"

"Nimekuletea jibini."

"Jibini lina vidole vya miguu siku hizi?"

Ubaldina akatazama shali. Kiguu cha udongo kilikuwa kimechomoza nje bila aibu.

"Yaani unajiibia mwenyewe, halafu unisingizie mimi!"

"Sasa nifanyeje, na nyie wezi mmekuwa wavivu?"

Hermelinda alicheka mpaka akashika meza. Kisha akaacha kucheka. "Nikwambie ukweli? Watu wanakukwepa wewe. Mwaka juzi, Baltazar akiwa hai, tulikuja kuimba, ukatukatiza kila ubeti utufundishe maana. Eti kitambaa kina pembe nne kwa nini. Eti mshumaa ni maneno ya mzee Simeoni. Nyumbu wa pangoni ana maana yake, majani yana maana yake. Supu ikaganda, komadre! Don Leovigildo akasinzia na fidla kidevuni!"

"Wanaimba kama kasuku. Hawajui wanachoimba."

"Hawajui, sawa. Lakini walikuja."

Neno hilo lilimchoma. Ubaldina akaketi juu ya gunia, akawa mdogo ghafla. "Nyumba ile ni kubwa, Hermelinda," akasema. "Saa ya ukutani naisikia mpaka naichukia."

Hermelinda akamchukua Mtoto, akamtia kabatini kati ya mashuka. "Haya, mwizi ni mimi. Ila uniapie hutaeleza kitu."

"Naapa."

"Hata wakikosea."

"Hata wakikosea," akasema Ubaldina, kama aliyemeza kwinini.

Siku ya sikukuu akapita kijijini akitangaza "Nimeibiwa!" kwa uso wa bibi harusi. Watu wakaja. Wakaimba, wakatafuta, wakamkuta Mtoto kabatini, wakarudi naye kwenye kitambaa cha hariri, wasimamizi wanne wameshika kila mmoja pembe yake. Nusu ya mishumaa ilikuwa imezimika. Ubeti wa wachungaji uliimbwa kabla ya ule wa malaika, na malaika ndio waliowapasha wachungaji habari! Ubaldina akabana midomo, akaikata keki kwa hasira.

Ndipo mkwe wa Hermelinda, Yoelvis, kijana wa Maracaibo aliyekuwa anatetemeka ndani ya mablanketi mawili, akauliza, "Samahanini, kwetu kwenye joto haya hatuna. Huyu anasimamishwa kwa nini?"

Macho yote yakamgeukia Ubaldina. Akaunyooshea kidole mdomo wake, kisha akamnyooshea Hermelinda.

"Mgongo unamuuma," akajibu mwenye duka. "Amelala tangu Krismasi."

"Ili aione keki," akasema pacha mmoja.

"Wapi! Ni kwa sababu ya panya," akasema wa pili.

Wakabishana, na kila msimamizi akavuta pembe yake, Mtoto akawa anabingirika kitambaani. Don Leovigildo akashusha fidla. "Hermelinda, mfungulie huyu mama mdomo kabla Mtoto hajavunjika shingo!"

"Sentensi moja," akasema Hermelinda. "Moja tu!"

Ubaldina alikuwa na Simeoni, Hekalu, njiwa na manabii, wote wamepanga foleni kooni. Akatazama sebule iliyojaa, mablanketi yanayotoa mvuke, matope ya viatu kwenye sakafu yake.

"Mungu alikubali kuwa mtoto," akasema, "na mtoto hasimami mpaka watu waje wamshike."

Kisha akarudi kwenye keki yake. Basi wakamsimamisha Mtoto, wakambusu mmoja mmoja, wakaimba beti zile tena, safari hii polepole.

Baadaye Don Leovigildo, keki ikiwa mdomoni, akasema, "Mwaka kesho namwiba mimi."

"Wewe nani? Mimi naishi karibu!" akaruka mwenye duka.

"Sisi tuko wawili," wakasema mapacha.

"Na mimi ndiye mwizi wake wa siku zote!" akafoka Hermelinda.

Wakashikana mashati kwa maneno. Ubaldina akapita katikati yao na chupa, akimmiminia kila mmoja mvinyo taratibu sana, ugomvi usije ukaisha.