Mtungi Uliopumzishwa

Kijiko kilikuwa kikikwaruza sufuria gizani. Mama mkwe alikuwa ameshaamka kupika maziwa mazito ya sikukuu ya Dasara, na kwa maziwa hayo moto wake huwa mdogo siku zote. Mimi nilikuwa macho, mkono mgongoni kwa mwanangu Ovi, nikiuwaza mtungi wa chuma kule maabara.

Ndani yake mlikuwa na hewa ukaa, ileile inayofuka viwandani, na kimiminika cha kuungana nayo, pamoja na kichocheo changu: zinki na magnesi zimeshikana bega kwa bega. Kazi yake ni kuviunga viwili hivyo katika minyororo mirefu, viwe plastiki. Mwaka mzima tulikuwa tukiambulia majimaji tu. Sikukuu ikiisha, mtungi ungekwenda kwa wenzetu wanaotengeneza rangi, na kichocheo changu kingebaki kabatini.

Mara nyingi nilimwomba mkuu wetu, Daktari Vaijayanti, tupunguze moto, kwani niliona joto kali ndilo linalokata minyororo ikawa majimaji. Alikataa, na alikuwa na sababu: kichocheo chetu cha zamani kikipoa kidogo tu, hulala fofofo. Nilichokitengeneza mimi niliamini kingekesha.

Jana yake ilikuwa siku ya kuvisha vyombo vya kazi maua. Mzee Dnyanoba, fundi wetu, alisimama na shada mkononi akasema mtungi hauvishwi maua huku unatumikishwa, uzimwe. Daktari akasema ukizimwa, kazi imekufa. Wakabishana hata nazi ya ibada ikasahaulika mezani.

"Mzee wangu," nikamuuliza, "sikukuu ya Pola, maksai wako wakipumzishwa, huacha kupumua?"

Akanikazia macho. "Binti, wewe una maneno."

"Basi tusiuzime. Tuupunguzie moto, upumzike."

Mzee akaguna, akauvisha mtungi shada. Daktari akacheka, akasema kumbe safari hii ombi langu limekuja na maua. Akaupunguza moto kwa mkono wake.

Asubuhi ya Dasara familia zetu zilifika maabara na nguo mpya. Mzee akafungua vali taratibu, hewa ikatoka kwa mluzi, kisha akaondoa mfuniko. Daktari akachungulia. Akachomeka kijiti, akakiachia. Kijiti kikabaki kimesimama wima.

Akanishika bega, akalibana mpaka likauma.

Tulikausha ule uji mzito, tukaukandamiza kwenye mashine ya joto, na wakati huo Ovi alishalala, akaamka, akamaliza maziwa ya bibi yake. Ukatoka utando mwembamba unaopitisha mwanga. Daktari akawapigia simu wenzetu wa rangi, akawatakia heri ya sikukuu, akawaambia watafute mtungi mwingine, huu haubanduki hapa. Mzee Dnyanoba akamweleza kila aliyepita mlangoni kwamba yeye ndiye aliyeupumzisha. Nikamwachia, ni kweli.

Nikamkabidhi Ovi kipande. Akakivuta kwa mikono yote miwili, akakiuma kwa meno, akakivuta tena huku amekunja uso, watu wazima wote wakimtazama.

"Mama, hakikatiki."