Mikakao ya Mama Domi Yahudhuria Sikukuu ya Wakulima

Asubuhi ya Sikukuu ya Wakulima, Bediako, mtangazaji wetu, alianza na samaki. Samaki wa moshi wamefika kutoka pwani, alitangaza, wako kwa Esi karibu na kituo cha malori, na wanaodhani watawakuta mchana wasije wakalaumu mtu. Kinyozi amehamia jirani na duka la dawa. Mazoezi ya kwaya ya Wamethodisti yameahirishwa kwa sababu mpiga kinanda amekwenda kuoa. Kuna mbuzi mwenye sikio lililochanika amefungwa nyuma ya kibanda cha matangazo, na mwenyewe aje na kamba, maana safari iliyopita alikuja mikono mitupu akaondoka na kamba ya watu.

Sisi wa Adwenaso tunapata habari zetu kwa njia hiyo, na hatuoni aibu kusema kwamba miji mingine ya wilaya hii bado inatuma mtu azunguke akigonga kengele. Mlingoti wetu una spika nne, kila moja inatazama upande wake. Zilinunuliwa na Mzee Dwomoh, mwenyeji wetu anayeishi Kumasi na kuuza mabati huko, na jina lake limeandikwa kwa rangi nyekundu kuanzia chini ya mlingoti hadi pale mchoraji alipoogopa kupanda. Spika za zamani zilikuwa zinafika mwisho wa nyumba. Hizi zinavuka mto na kuingia mashambani.

Tangu zifungwe, mikakao ya ng'ambo ya mto ilianza kufuatilia habari. Bediako akitangaza msiba, majani yanalegea hadi mazishi yapite. Siku aliposoma bei mpya ya kakao iliyotangazwa na serikali, shamba zima lilichanua maua nje ya msimu, na karani wa kununua kakao akasema ni mvua. Mama Domi, aliyekuwa akilitunza shamba hilo, hakubishana naye. Alijua tu kwamba asubuhi haiwezekani kupogoa mpaka matangazo yaishe, kwa kuwa miti yote inakuwa imeinamia upande wa mji na matawi hayashikiki.

Jina lake hasa ni Domitila Ziem. Alikuja na mumewe kutoka kaskazini, karibu na mpaka, ambako kakao haioti. Mume akafariki, yeye akabaki na shamba la Mzee Dwomoh kwa masharti yale yale ya huku kwetu: mavuno yanagawanywa mafungu matatu, mwenye shamba anachukua mawili, mtunzaji moja. Watoto wake wamezaliwa hapa na wanatukana kwa lugha yetu kutuzidi, lakini sisi tulikuwa bado tunamwita yule mama wa kwa Dwomoh. Kazi aliijua, na alikuambia mwenyewe kabla hujamuuliza. Ukimsifia mtu mwingine mbele yake kwa kilimo, anakupeleka shambani kwake hapo hapo, umeshiba hujashiba.

Miezi michache kabla ya sikukuu, afisa kilimo wa wilaya, Bi Mensimah, alilipita shamba lile mstari kwa mstari. Hakuona tunda hata moja lililooza. Aliuliza ni mkono wa nani, Mama Domi akamwonyesha mikono yake yote miwili. Bi Mensimah akacheka na kusema kwamba mwaka huu mkulima bora wa wilaya atatoka Adwenaso.

Zawadi yenyewe ilikuwa pikipiki ya mizigo ya magurudumu matatu. Mama Domi aliitaka, shingo yake ilikuwa imechoka kubeba kakao kuvuka mto. Lakini alichokitaka zaidi ni kusikia jina lake likitoka kwenye zile spika. Alishona nguo mpya. Alimfuata Bediako kibandani akamfundisha kutamka.

"Domitila Ziem," alimwambia. "Useme lote. Usilete mambo ya yule mama wa kwa fulani."

"Domitila Ziem," Bediako alirudia. "Mbona tamu tu mdomoni."

Basi asubuhi ile, baada ya mbuzi, Bediako aligeuza karatasi yake. Halafu akasema kwa haraka kwamba mkulima bora wa wilaya mwaka huu ni mwenyeji wetu, fahari ya mji wetu, Mzee Dwomoh, na wote tunakaribishwa uwanjani. Akaweka muziki kabla hatujamaliza kupiga makofi.

Mama Domi alikuwa mlangoni kwake kule shambani, nguo mpya imefungwa upande mmoja. Aliketi kwenye kigoda. Aliona uchungu mkubwa, na hasira, na zaidi ya yote aliona aibu ya yule aliyekwisha kuwaambia watu wote.

Mikakao nayo ilikuwa imesikia. Iling'oa mizizi yake taratibu, kama mtu anayetoa miguu kwenye mabuti yaliyojaa tope, ikaukung'uta udongo na kuanza kuondoka. Mizee ilitangulia. Michanga ilikaa katikati. Matunda yalikuwa yameiva, manjano na mekundu, yamebana mashinani, na hakuna hata moja lililodondoka.

"Mnakwenda wapi?" Mama Domi aliuliza.

Miti haina maneno. Ilisimama mbele ya mlango wake ikangoja.

"Haya, subirini," alisema. "Siendi hivi, nguo inaning'inia."

Alifunga nguo vizuri, akachukua panga lake, akatangulia. Walipita darajani na siyo kwenye kivuko cha zamani, kwa kuwa Bediako alikuwa ametangaza Jumanne kwamba mbao za daraja zimebadilishwa.

Mjini tuliwapisha. Wenye meza za biashara barabarani walizivuta ndani kidogo, na polisi wa zamu alisimamisha lori la mkaa mpaka mti wa mwisho ulipovuka. Tulitoka milangoni kuwatazama, na nasema wazi kwamba tulijisikia vizuri. Wilaya jirani walikuwa wameleta viazi vikuu vya kujaza mkokoteni na jogoo mmoja mkubwa. Sisi shamba letu limekuja lenyewe.

Uwanjani, mwenye maturubai ndiye aliyelalamika.

"We mama, viti vyangu vimehesabiwa. Hawa wote watakaa wapi?"

"Watasimama," alisema Mama Domi. "Wewe ulishawahi kuona mkakao umekaa?"

"Na chakula?" aliuliza Esi, aliyeacha samaki wake akaja kuwapikia wageni supu ya nyama ya ndezi. "Mimi sikupikia watu wengi hivi, jamani."

"Wape maji. Na usiyatie chumvi, nakujua."

Miti ilijipanga nyuma ya maturubai kwa mistari yake ya shambani. Kivuli kilikuwa kizuri sana. Chifu aliomba kiti chake kisogezwe huko, na wakubwa wengine wakamfuata, hata maturubai yakabaki na watoto.

Mama Domi alikwenda moja kwa moja kwa Bi Mensimah.

"Afisa, uliingia shambani kwangu?"

"Niliingia, Mama Domi."

"Ukauliza nani anaitunza miti hii?"

"Nikauliza. Ukaniambia ni wewe, na mimi nimeona ni wewe." Bi Mensimah aliitazama nguo mpya ya Mama Domi, yenye michoro ya mbegu za kakao. "Lakini zawadi inamfuata mwenye shamba. Nimewauliza wakubwa zangu, nikawauliza tena. Ndivyo wanavyofanya kila mahali."

"Mwenyewe mara ya mwisho kulikanyaga shamba ni lini?"

"Hilo hatuulizi," alisema Bi Mensimah, na sauti yake ilikuwa ya mtu asiyejipenda sana saa hiyo.

Mzee Dwomoh aliwasili na nguo nyeupe iliyopita begani. Siyo mtu mbaya. Watoto wa Mama Domi wakiugua hutuma dawa, na hajawahi kumpunja kwenye lile fungu lake moja. Alipoiona miti alifurahi kwa moyo wake wote.

"Mama Domi! Dada yangu! Umenipendezeshea sherehe namna hii? Watu wa Kumasi hawataamini."

Mpiga picha alimtaka asimame katikati ya mikakao yake. Mzee Dwomoh alikunja nguo akaingia. Miti ikarudi nyuma hatua moja. Akasogea, ikarudi tena, bila fujo, kama ng'ombe anavyomkwepa mgeni zizini. Mgongoni kwao ulikuwa ukuta wa shule, na mti mmoja mchanga ulianza kujaribu kuupanda.

"Hawanijui," Mzee Dwomoh alisema. Hakukasirika. "Dada, waambie mimi ni nani."

Uwanja mzima uligeuka kumtazama Mama Domi. Hapo ndipo angeweza kukataa. Alilifikiria jambo hilo, tulimwona akilifikiria, panga mkononi. Lakini kukaa kwake kule shambani ni neno la Mzee Dwomoh tu, na wapo wengi kwenye kituo cha malori wanaotafuta shamba la kutunza. Miti ile aliipanda yeye na mumewe, kutoka kwenye mbegu, kwenye ardhi ambayo haikuwa yao. Akikataa leo, kesho itatunzwa na mtu asiyejua hata upi hupenda kukatwa wapi.

Alisogea, akaweka kiganja kwenye shina la mkakao mkubwa kuliko yote.

"Huyu ni Mzee Dwomoh," aliuambia. "Ndiye mwenye ninyi."

Miti ilisikiliza. Kisha ikamwacha mzee aingie, kwa kuwa ni Mama Domi aliyesema na haikuwa imezoea kumkatalia. Picha ikapigwa. Mtu yeyote anaweza kuiona leo kwa Esi, ukutani: Mzee Dwomoh yuko katikati, meno yote nje, na kila tawi nyuma yake limenyooka kuelekea kushoto, nje ya picha, ambako Mama Domi alikuwa amesimama.

Bi Mensimah alimwita Mzee Dwomoh jukwaani akampa ufunguo wa pikipiki. Tulipiga makofi. Miti haikutikisa jani. Baada ya hapo Bediako alitakiwa kufunga sherehe na kuwashukuru wageni, na aliwashukuru, akarudia kumshukuru mwenye spika, halafu akabaki ameishika maikrofoni.

"Na Mama Domitila Ziem," alisema, "ambaye ameileta miti."

Hakusema zaidi ya hapo, na kwa namna alivyotoka jasho tuliona kwamba hapo ndipo uwezo wake ulipoishia. Lakini jina lilitoka zima, likaenda pande zote nne na kuvuka mto. Mikakao ilichanua papo hapo, kuanzia shinani, maua madogo meupe mpaka kwenye nguo za watu. Adwenaso nzima ilisimama. Tulipiga kelele mpaka jogoo wa wilaya jirani akakata kamba. Mzee Dwomoh alipiga makofi kuliko sisi sote. Mama Domi hakulia wala hakuinama. Alipokea makofi yake amenyoosha shingo, akaangalia huku na huku kuhakikisha kila mtu anapiga, na aliyezubaa alimwonyesha kwa kidole.

Jioni aliirudisha miti shambani, na kila mmoja ukajua shimo lake. Esi aliipa biashara yake jina jipya, Mikakao Ilikunywa Hapa, na wateja wakaongezeka. Gazeti la Kumasi liliandika habari za mkulima Dwomoh na shamba lake lenye adabu. Wageni walikuja kutazama, nasi tuliwapeleka kwa zamu, maana sasa hili ni jambo la mji.

Kakao ilipokauka, Mzee Dwomoh alikuja siku ya kugawana, kama kila mwaka. Mafungu yakawa matatu. Mawili yakapakiwa kwenye pikipiki ya magurudumu matatu, na Mama Domi mwenyewe alisaidia kupakia, akimwonyesha dereva namna ya kupanga magunia yasianguke darajani. Dereva aliijaza mpaka ikawa haina nafasi ya kikapu. Ikatangulia mjini na vumbi lake.

Mama Domi akafunga kata ya kichwani, akajitwisha fungu lake akafuata kwa miguu. Alipoingia barabara kuu watu walitoka madukani. Kinyozi aliacha kichwa cha mteja nusu. "Mkulima!" tulimwita. "Domitila Ziem! Mkulima bora!" Wazee walisimama kutoka kwenye viti vyao, jambo wanalomfanyia chifu peke yake, na yeye akaitikia kila salamu kwa mkono mmoja, mwingine umeshika mzigo. Tulimpigia makofi kuanzia kituo cha malori hadi kwenye mizani ya karani, njia nzima, na hakuna aliyempokea gunia.