Watu Kumi na Watatu Walioiona Zohali

Mimi ni mwongo mwenye mwandiko mzuri. Nalisema mapema ili usije ukaanza kunihurumia bure.

Mwezi wa kumi na moja mwaka jana nilikuwa mwaka wa pili katika chuo cha ualimu, nje kidogo ya mji wa Nachingwea, nikijifunza kufundisha sayansi. Chuo kilikuwa kimepata darubini yake ya kwanza, na Mwalimu Getruda wa fizikia aliifungia ndani ya kabati la maabara kama sahani za wageni. Siku ya somo ilipofika tukaibeba watu wanne hadi uwanjani nyuma ya maabara. Ilikuwa saa mbili usiku, anga halina wingu hata moja, na harufu ya mabibo ilitufikia kutoka mashamba ya jirani. Mwalimu aliigeuza huku na huku, akachungulia, akatabasamu.

"Zohali hiyo hapo," akasema. "Kila mtu aangalie, kisha akachore alichokiona. Na msisahau, Dunia inazunguka na hii darubini haina mota. Kila baada ya mtu mmoja au wawili isogezeni kidogo, la sivyo Zohali itatoka nje ya kioo."

Mara akaitwa ofisini. Tukabaki wanafunzi kumi na wanane na chombo ambacho hakuna aliyethubutu kukigusa. Nani alitaka barua ya kwenda nyumbani kwa kuvunja mali ya chuo?

Rahimu alitangulia, na wengine watatu wakamfuata. Mimi nilikuwa wa saba. Niliinama nikaweka jicho. Giza. Nikapepesa, nikatazama tena. Giza lilelile, na kajinyota kamoja pembeni. Lakini wa tano na wa sita walikuwa wametoka pale wakisema "Duh, ile pete!", na mimi, Zuena binti Saburi wa Ruangwa, sikuwahi kushika nafasi ya pili darasani tangu nianze chuo.

"Mashallah," nikasema. "Pete imetulia."

Aliyekuwa nyuma yangu ni Mwanaima, niliyekuwa naishi naye chumba kimoja. Yeye aliinama kwa muda mrefu mpaka watu wakaanza kuguna.

"Mimi sioni kitu," akasema.

"Oya Mwanaima, sayari yote ile huioni?" Rahimu akamtania. "Umezingua, dada."

Watu wakacheka. Mimi nilicheka kwa sauti kuliko wote, kwa sababu mwenye hofu hucheka sana. Wengine kumi wakapita baada ya hapo, na kila mmoja wao aliona pete.

Bwenini Mwanaima hakuchora. Alikaa kitandani akitazama kalenda iliyobandikwa ukutani, mara amefunika jicho la kulia, mara la kushoto, akisoma tarehe moja moja kwa midomo. Nilijua anachopima. Mama yake, kule Lionja, amepofuka kwa presha ya macho, na hospitali waliwaambia watoto kwamba ugonjwa ule hutembea katika damu.

"Zuena," akaniuliza, "wewe uliiona vizuri?"

Tulikuwa wawili tu. Mlango umefungwa, hakuna wa kunicheka.

"Niliiona," nikasema. "Labda wewe umechoka. Lala, kesho utakuwa sawa."

Nikamgeuzia mgongo nikachora Zohali yangu: duara safi, pete pana, na kivuli nilichokipaka kwa ncha ya penseli, vilevile kama ilivyo kitabuni. Nilimsikia akilia. Nilijifanya nimelala.

Alfajiri nilipoamka kuswali, kitanda chake kilikuwa kimetandikwa na begi halipo. Juu ya meza aliacha karatasi yake ya mchoro. Aliandika jina lake na maneno mawili: "Sikuona kitu." Nikaichukua nikaipeleka darasani pamoja na yangu. Nilitaka kujiambia kwamba nimemsaidia.

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu iliishia saa mbili asubuhi. Mwalimu Getruda alipitia michoro yote, akaipanga mafungu matatu.

"Mwaka huu pete za Zohali zimetugeuzia ukingo," akasema taratibu. "Shika sahani uitazame kwa ubavu. Utaona nini? Mstari tu. Wanne wamenichorea mstari. Mmoja ameandika kwamba hakuona. Kumi na watatu mmenichorea kitabu." Akainua mchoro wangu. "Huu ndio mzuri kuliko yote. Mwanaima yuko wapi nimpe mkono?"

 Nilitoka mbio hata ruhusa sikuomba, nikapanda bodaboda hadi stendi. Gari la Lionja lilikuwa bado linapakia. Mwanaima alikaa siti ya dirishani, macho yamevimba, amekumbatia pochi yake.

"Shuka," nikamwambia. "Macho yako ni mazima. Zohali ilikuwa imeshatoka kwenye kioo. Hata mimi sikuona. Hakuna aliyeona baada ya wale wanne."

Abiria wakageuka kututazama. Mwanaima alinitazama usoni mpaka nikatamani anipige.

"Nilikuuliza jana," akasema. "Nilikuuliza tukiwa wawili."

"Uliniuliza."

"Nimeshampigia mama. Nimemwambia yameanza. Unajua alivyolia?" Akabonyeza simu, akaninyooshea. "Mwambie mwenyewe."

Nikaipokea. Sauti ya mama ilikuwa nzito. Nikamweleza yote, darubini, foleni, na uongo wangu, mbele ya abiria, konda na muuza karanga aliyesimama mlangoni.

"Kwa hiyo mwanangu anaona?" akauliza.

"Anaona, mama. Anaona kuliko sisi wote."

"Alhamdulillahi." Nikamsikia akivuta pumzi. "Na wewe, ulikuwa unaogopa nini?"

Hakuniuliza kwa ukali. Ndiyo maana iliniuma.

"Kuchekwa, mama."



"Mimi pia," akasema. "Macho yangu yalipoanza, nikiwa sokoni nasema naona, shambani nasema naona. Ufuta napepeta na mawe yake, wakinicheka nasema jua kali. Miaka miwili hivyo, mwanangu. Siku nimesema kweli, daktari akaniambia mama, ungekuja mwaka juzi."

 Mwanaima akachukua simu mkononi mwangu, akainuka, akamwambia konda amshushie begi.