Kuni za Ukutani kwa Bibi Anyitike

Jumamosi asubuhi, Uyole ikiwa bado na ukungu, Esnath alikwenda kwa Bibi Anyitike na beseni, brashi na ndoo ya udongo mweupe. Ukuta wa mbele ulikuwa umeandikwa MCHAWI. Aliliandika Esnath mwenyewe, kwa mkaa, siku mdogo wake alipopata degedege. Mdogo wake alipona hospitali. Neno likabaki.

Kwenye kikao cha mtaa, Mwenyekiti Ambrosi alitaka Esnath apelekwe polisi, na shule asirudi tena.

"Polisi watanipakia ukuta?" bibi aliuliza. "Nipeni huyo mtoto, tuupake wote."

Basi Esnath akalowesha ukuta, akasugua. Herufi M ikabanduka nzima, ikaangukia kwenye beseni kama gome la mti. Zikafuata zingine.

"Usimwage," bibi alisema. "Kuni hizo. Hizi za mparachichi mbichi, moshi wake unatutoa machozi bure."

Akazisukuma chini ya sufuria ya maharage. Zikawaka vizuri, bila moshi.

Chini ya neno la Esnath kulikuwa na neno lilelile, kwa rangi ya mafuta. Chini yake tena, kwa chaki. Esnath alisugua mpaka mikono ikafa ganzi. Miandiko mingine aliijua. M moja ilikuwa na mkia mrefu, kama ya matangazo ya mtaa.

"Bibi, hii si ya mwenyekiti?"

"Ndiyo yake. Alikuwa amefiwa na ng'ombe. Lete, nene hiyo, itaivisha."

"Mbona yeye hakuitwa kikaoni?"

"Angeitwa na nani, mwe?"

Jioni, ukuta ukiwa umeshapakwa udongo, mwenyekiti alipita kukagua. Harufu ikamvuta, akala sahani mbili.

"Shikamoo, mwenyekiti."

"Marahaba. Umekoma?"

"Nimekoma."

Akamshukuru bibi, akaenda zake akijifuta mdomo.

Jumapili, baada ya ibada, neno lilikuwepo tena juu ya udongo mpya. Kwa chaki. M ina mkia. Esnath adhabu yake ilishakwisha, ila aliweka Biblia dirishani, akakunja mikono ya gauni.

"Nani kakutuma?" bibi aliuliza.

"Hakuna. Ndaga fijo, bibi."

"Asante ya nini tena?"

Esnath aliona aibu, akaongea na ukuta.

"Walitaka nipelekwe polisi. Wewe uliniita hapa."

Bibi akampa brashi.

"Sugua taratibu, isivunjike. Leo tunapika kande, na kande zinataka moto."